Mafuta ya trans, mafuta ya ngazi na margarini ya kupimwa: jibu kwa mama wa Katuba

Swali: "Jambo Docta. Mimi ni mama, asubuhi ninauza maandazi hapa Katuba, Lubumbashi, jioni ninakaanga samaki thomson. Binti yangu anasoma, na amenionyesha kwenye simu kampeni inayosema mafuta ya trans yanaua watu kwa ugonjwa wa moyo na kwamba nchi nyingi zimeyakataza. Sasa nyumbani ni mabishano kila siku. Yeye anasema nitupe margarini. Kaka yake anasema ubaya uko kwenye mafuta ya ngazi. Baba yao ana tansiyo, presha ya damu, na hajui amsikilize nani. Mafuta ya kukaangia mimi ninayarudia mpaka yaishe, sina uwezo wa kuyamwaga. Niache nini? Na kama kweli ni sumu, kwa nini hapa kwetu hakuna anayesema?"

Jibu:

Jambo mama, na salamu kwa mzee wa nyumbani na kwa watoto.

Nianze na majibu mafupi ili kesho upike bila wasiwasi. Mafuta ya ngazi, yaani mawese, usiyatupe: hayana trans ya kiwandani, na kampeni aliyoiona binti yako haiyahusu. Margarini inaweza kuwa na trans na inaweza kuwa haina, na kwa macho hutajua; nitakueleza pa kutazama. Mafuta unayoyarudia mpaka yaishe yana madhara yake, ila kwa sehemu kubwa madhara hayo hayatokani na trans. Swali lako la mwisho, kwa nini hapa hakuna anayesema, ndilo zito kuliko yote, na hapo nitakaa zaidi.

Kwanza tuelewane trans ni kitu gani. Mafuta ya maji, kama ya soya, ya alizeti au ya mbegu za pamba, hayagandi yenyewe. Mwenye kiwanda cha margarini au cha biskuti anataka kitu kigumu kinachokaa miezi dukani bila kuoza. Mwaka 1902 mkemia wa Ujerumani, Wilhelm Normann, alisajili njia ya kuyagandisha: mafuta yanapashwa moto mkali, gesi ya haidrojeni inapitishwa ndani yake, na unga wa nikeli unatiwa ili kuharakisha kazi. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ikaanza kuuza Marekani mafuta magumu ya namna hiyo, yaliyotoka kwenye mbegu za pamba, kwa jina la Crisco. Yalikuwa meupe, hayanuki, bei yake nzuri, na wapishi waliyapenda.

Kazi hiyo ikiendeshwa mpaka mwisho, mafuta hushiba haidrojeni na trans karibu haibaki kabisa. Ila mafuta yaliyoshiba hivyo huwa magumu mno, hayapakiki kwenye mkate. Kwa hiyo viwanda vilikuwa vinasimamisha kazi katikati, na hapo katikati ndipo trans inapozaliwa. Molekuli za mafuta ya maji kwa asili zimepinda. Zikipita kwenye moto ule na nikeli ile, baadhi zinanyooka. Ni sawa na kuni: zilizopinda hazipangiki vizuri, zilizonyooka zinalaliana bila nafasi. Ndiyo sababu mafuta yale yanaganda, na ndiyo sababu mwili nao unayashughulikia tofauti.

Tofauti hiyo ni mbaya pande mbili. Trans inapandisha kolesteroli mbaya, ile ya LDL inayojikusanya kwenye kuta za mishipa ya moyo, na papo hapo inashusha ile nzuri, HDL. Waholanzi wawili, Ronald Mensink na Martijn Katan, walilionyesha hilo wazi mwaka 1990 kwa kuwalisha watu wazima wenye afya vyakula vilivyopimwa na kuangalia damu yao. Mwaka 1993 Walter Willett na wenzake wa Harvard wakatoa matokeo ya kuwafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 85,000: waliokula trans nyingi ndio waliougua moyo zaidi.

Na kiasi kinachodhuru ni kidogo sana. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2006 ulikuta kwamba asilimia 2 ya nguvu ya chakula cha siku ikitoka kwenye trans, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inapanda kwa asilimia 23. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, hiyo asilimia 2 ni gramu 4 na nusu hivi, hazijai kijiko cha chai. Shirika la Afya Duniani linasema tusivuke asilimia 1, yaani gramu 2.2 kwa siku. Mtoto akila pakiti ya biskuti zilizotengenezwa kwa mafuta yaliyogandishwa nusu anaweza kuvuka hapo kabla ya saa sita mchana. Nyama na maziwa ya ng'ombe au mbuzi yana trans kidogo ya asili, lakini kwa kiasi ambacho wengi wetu tunakula, hiyo isikusumbue.

Sasa nije kwa kijana wako anayeyashtaki mafuta ya ngazi. Hakulitoa hewani. Linatoka kwenye kampeni nyingine, ya zamani kidogo, na ningependa kila anayetaka kupigania chakula cha watu aijue vizuri, kwa sababu ilipiga pasipo.

Miaka ya 1980, Marekani, vita ilikuwa dhidi ya mafuta ya wanyama, ya nazi na ya ngazi. Phil Sokolof, mfanyabiashara wa Omaha aliyewahi kupata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 43, alitoa fedha zake mwenyewe mwaka 1988 kulipia matangazo ya ukurasa mzima katika magazeti makubwa. Alisema Wamarekani wanalishwa sumu, na akaonyesha picha za biskuti na vyakula vingine vya viwanda vyenye mafuta ya nazi na ya ngazi. Shirika la kutetea walaji, Center for Science in the Public Interest, lilikuwa linasukuma upande huo huo. Makampuni yakasikia, tena haraka. Mafuta ya ngazi yakaondolewa kwenye biskuti. Mwaka 1990 McDonald's ikaacha kukaanga viazi kwa mafuta ya ng'ombe. Kilichoingia badala yake, mama, kilikuwa mafuta ya soya na mengine ya mimea yaliyogandishwa nusu. Watu wenye nia safi kabisa, waliotaka kuokoa mioyo, walisaidia kuingiza trans kwenye sahani za mamilioni. Ushahidi ulipotoka, shirika lile lile liligeuka, na mwaka 1994 likaiandikia mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, likitaka trans iandikwe kwenye lebo. Lebo hiyo ilikuja kuwa lazima mwaka 2006, miaka 12 baadaye.

Kwa hiyo mtoto wako amerithi nusu ya kampeni ile bila kujua ilikoishia. Ukweli wa mafuta ya ngazi ni huu. Karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba kwa asili, na ndiyo maana yanaganda yenyewe kwenye bidoni asubuhi za Juni na Julai, bila kiwanda wala haidrojeni. Ukiyalinganisha na mafuta ya alizeti au ya soya, yanapandisha LDL zaidi, kwa hiyo mtu mwenye shida ya moyo asiyamwage kwenye sombe kama maji. Lakini hayana lile balaa la pili la trans, la kushusha HDL. Na yakiwa mekundu yana kitu ambacho mafuta mengine mengi ya jikoni hayana: karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga ya mtoto. Hapo nina ombi moja kwako. Wamama wengi wanayachoma kwanza mpaka yawe meupe ndipo wapike. Ukifika kwenye weupe huo, karotini imekwenda. Yatie yakiwa mekundu, moto wa kiasi, utakuwa umewalisha wanao.

Nikiongeza jambo la historia: mwaka huo huo wa 1911 ambao Crisco iliingia sokoni Marekani, Wabelgiji walimpa Mwingereza William Lever maeneo makubwa ya michikichi hapa Kongo, na Leverville, Lusanga ya leo, ikaanza kulisha viwanda vyake vya sabuni huko Ulaya. Mafuta yetu yalikuwa yanavuka bahari wakati wengine wanahangaika na gesi ili wapate mafuta magumu. Na leo, nchi zikikataza trans, viwanda vingi vinarudi kwa mafuta haya haya ya ngazi ili margarini ishike.

Niseme sasa juu ya kampeni zenyewe, maana hapa ndipo swali lako la mwisho lilipo.

Watu wengi wanafikiri kampeni ya afya ni kumwambia mlaji: acha hiki, kula kile. Kwa trans njia hiyo ilijaribiwa na matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2005 idara ya afya ya jiji la New York, ikiongozwa na Thomas Frieden, iliwaandikia wenye migahawa na wauzaji wa vyakula wote jijini ikiwaomba waache mafuta ya trans kwa hiari yao. Ilitoa vipeperushi, ikatoa mafunzo. Mwaka ulipopita wakahesabu upya: nusu ya migahawa ilikuwa inayatumia kabla, na nusu ilikuwa bado inayatumia. Ombi halikusogeza kitu. Desemba 2006 bodi ya afya ya jiji ikapiga kura na kuyakataza. Mafuta ya kukaangia na ya kupaka yakapewa mpaka Julai 2007. Keki, mikate na mengine yote mpaka Julai 2008. Jiji likaweka pia kituo cha kuwasaidia wapishi na waokaji kupata mafuta mbadala, kwa sababu mwokaji mdogo akikatazwa bila kuonyeshwa njia utamfungia biashara. Baadaye watafiti walilinganisha wilaya za jimbo la New York zilizokataza na ambazo hazikukataza. Miaka 3 na zaidi baada ya katazo, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na kiharusi walipungua kwa asilimia 6 hivi kwenye zile zilizokataza, zaidi ya ilivyotarajiwa.

Denmark ilikuwa imetangulia. Mwaka 2003 iliweka sheria ya kwanza duniani ya aina hii: katika gramu 100 za mafuta, trans ya kiwandani isizidi gramu 2, basi. Haikumtaka mlaji asome lebo wala ajue kemia. Mafuta ya keki yalibadilishwa kiwandani, na mnunuzi hakuona tofauti mdomoni. Daktari wa huko, Steen Stender, pamoja na wenzake, walinunua viazi vya kukaanga na vipande vya kuku vya McDonald's katika nchi mbalimbali mwaka 2004 na 2005 na kuvipima. Chakula kile kile, cha kampuni ile ile, kilikuwa na trans chini ya gramu 1 Denmark na gramu 10 hivi New York, kabla jiji halijakataza. Nikifundisha, ninakipa kipimo hicho nafasi kubwa. Kampuni ilikuwa moja na jina la chakula moja. Kilichotofautisha sahani mbili ni kwamba nchi moja ilikuwa na sheria na nyingine haikuwa nayo. Utafiti wa baadaye ulikadiria kwamba, katika miaka 3 ya kwanza ya sheria, vifo vya moyo na mishipa Denmark vilipungua kwa watu 14 hivi kwa mwaka kwa kila watu 100,000, ukilinganisha na ambavyo ingekuwa bila sheria.

Lakini nisikufanye uone kwamba ilikuwa rahisi. Fred Kummerow, mtafiti wa chuo kikuu cha Illinois, aliandika mwaka 1957 kwamba ameikuta trans kwenye miili ya watu waliokufa. Wachache walimsikiliza. Mwaka 2009, akiwa na miaka 94, aliiandikia FDA rasmi akitaka mafuta yaliyogandishwa nusu yaondolewe. Hakujibiwa ipasavyo, na mwaka 2013 akaifungulia mashtaka. Mwaka 2015 FDA ikatangaza kwamba mafuta hayo hayahesabiwi tena kuwa salama, na viwanda vikapewa mpaka Juni 2018. Kummerow alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 102. Kutoka andiko lake la kwanza mpaka tangazo la serikali ni miaka 58. Katika miaka hiyo yote mafuta yale yalikuwa mezani, na kila mwaka wa kuchelewa ulikuwa na makaburi yake.

Mei 2018 Shirika la Afya Duniani liliitisha nchi zote kuyaondoa. Linakubali njia mbili tu: kuweka kikomo kile cha Denmark cha gramu 2, au kukataza kabisa mafuta yaliyogandishwa nusu. Lengo lilikuwa mwisho wa 2023. Halikutimia kote, lakini tarehe hiyo ilipofika nchi 53 zilikuwa na sheria nzuri, zenye watu bilioni 3.7. Kwa Afrika, Afrika Kusini ilitangulia zote kwa kanuni yake ya 2011. Misri na Nigeria zilifuata mwaka 2023. Nigeria ni nchi kubwa, ina viwanda vingi, ina masoko yenye fujo kama yetu, na hata hivyo mashirika ya raia na wakala wa chakula na dawa, NAFDAC, walifika. Sioni sababu kwa nini isiwezekane hapa.

Kongo haimo kwenye orodha hiyo. Unauliza kwa nini hakuna anayesema. Nadhani sababu ya kwanza ni kwamba sisi wenye kazi ya afya tuna mikono iliyojaa: malaria, kipindupindu, watoto wenye utapiamlo. Sababu ya pili inanikera zaidi. Bado tunaona moyo kuwa ugonjwa wa matajiri, wakati nenda kwenye hospitali yoyote ya Lubumbashi uhesabu waliolala kwa kiharusi: ni wamama wa soko, ni walinzi, ni wastaafu wa migodi. Sababu ya tatu ni kwamba trans haionekani. Huwezi kuitambua kwa jicho, kwa pua wala kwa ulimi. Inataka mashine na maabara. Ofisi ya ukaguzi ya Kongo, OCC, iliundwa mwaka 1974, na kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia. Lakini mkaguzi anapima kile alichoagizwa kupima. Kama hakuna kikomo kilichoandikwa, katoni ya margarini inapita mpaka wa Kasumbalesa na karatasi zake zote zikiwa sawa.

Na Kasumbalesa ndiyo mdomo wa Lubumbashi. Biskuti, margarini, unga wa supu, krimu ya chai, vingi vinaingilia pale. Vilivyotengenezwa Afrika Kusini vina nafuu, kwa sababu kiwanda kilichobadilisha mafuta kwa ajili ya sheria ya kwao hakina sababu kubwa ya kupika mengine kwa ajili yetu. Lakini si kila katoni inayopita pale ilizaliwa Afrika Kusini. Kadiri nchi nyingi zinavyofunga mlango, bidhaa ambayo haiuziki huko inatafuta mlango uliobaki wazi. Ndiyo sababu ninasema kampeni ya Lubumbashi isianzie kwenye kikaango chako. Ianzie kwa waagizaji wachache wanaoujaza mji huu bidhaa, kwa wenye viwanda vya mikate na biskuti, na kwa wabunge, ili kikomo cha gramu 2 kiandikwe na OCC ipewe kipimo. Mwambie binti yako: kumtisha mama anayeuza maandazi ili alipe ada ya shule kutaondoa mteja wake, na margarini ile ile itabaki dukani.

Sasa jikoni kwako.

Margarini. Tazama orodha ya vilivyomo, ile ya maandishi madogo. Kwa bidhaa zenye Kifaransa tafuta maneno "partiellement hydrogénée". Kwa zile za Zambia na Afrika Kusini tafuta "partially hydrogenated". Ukiyakuta, rudisha. Ukikuta "totalement hydrogénée", hiyo ni ile iliyofika mwisho, trans yake ni kidogo mno. Ukikuta "hydrogénée" peke yake bila maelezo, mimi singenunua. Usishawishiwe na "100% végétale" wala "sans cholestérol" kwa herufi kubwa mbele: trans ya kiwandani inatoka kwenye mafuta ya mimea, kwa hiyo maneno yote mawili yanaweza kuwa kweli na trans ikawemo ndani. Pia kuna bidhaa zilizoandikwa kwa kanuni za Marekani, ambako chini ya nusu gramu kwa kila kipande huruhusiwa kuandikwa 0. Mtu hali kipande kimoja. Soma vilivyomo, si ile 0.

Najua utasema: Docta, mimi ninanunua kwa kijiko, ya kupimwa, ninafungiwa kwenye kasashe. Hapo kweli ndipo penye shida, maana lebo inabaki kwenye ndoo ya muuzaji, na mara nyingine ndoo yenyewe ni ya zamani imejazwa kitu kingine. Ugumu wake usikudanganye: margarini ya mafuta ya ngazi nayo inashika, hata joto la Oktoba. Kwa maandazi, kama huna uhakika na margarini, iache. Kijiko cha mafuta ya maji au ya ngazi yaliyosafishwa kwenye unga kinalainisha vizuri.

Mafuta ya kukaangia. Moto unaongeza trans kidogo kwenye mafuta, lakini ni kidogo. Kibaya zaidi ni kwamba mafuta yaliyorudiwa mno yanavunjika: yanakuwa meusi, yanafanya povu lisiloisha, yananata, yanatoa moshi kabla hata ya kuwa moto, na mabaki yake yanadhuru mishipa na tumbo. Ukiona dalili hizo, yamekufa. Usiyafufue kwa kuongeza mapya juu, maana machakavu yanayaharibu mapya siku hiyo hiyo. Najua bei ya bidoni, kwa hiyo sikwambii umwage kila siku. Ninakwambia uyafanye yadumu. Tumia sufuria yenye mdomo mwembamba na kina ili utie mafuta machache. Mafuta ya maandazi yasikutane na ya samaki, kwa sababu thomson anaacha maji na chembe zinazoungua. Mkaushe samaki kwa kitambaa kabla hajaingia, chumvi tia baada ya kukaanga. Ukimaliza, acha yapoe, chuja kwa kitambaa safi, funika, weka gizani. Ukiona yanatoa moshi, yamezidi joto: punguza makala. Na sisi wa mji wa shaba tukumbuke hili: shaba inaharakisha kuoza kwa mafuta, kwa hiyo chombo cha shaba kisikaribie kikaango wala bidoni. Sufuria ya alumini inatosha. Wala usinunue mafuta meusi yanayouzwa rahisi na mahoteli, hata wakikwambia yamechujwa. Yako yakichoka, wapo wanaopika sabuni, wape wao.

Mzee wa nyumbani na tansiyo yake. Trans inagusa mishipa ya moyo, lakini tansiyo yake ina adui wa karibu zaidi, ambaye ni chumvi. Makayabu, samaki wa chumvi, yasiyoloweshwa vya kutosha na vidonge vya supu kwenye kila chungu vinamfikisha haraka kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu. Loweka makayabu usiku, mwaga maji, loweka tena. Na dawa asiiache siku akijisikia vizuri. Apimwe kila mwezi kwenye kituo cha afya, hata kama kichwa hakimuumi.

Mabishano ya nyumbani yamalizwe hivi: kijana aache kuyashtaki mafuta ya ngazi, binti aache kutupa na aanze kusoma lebo. Azunguke maduka ya Katuba na soko la Kenya la hapa mjini na simu yake, apige picha ya orodha ya vilivyomo kwenye kila margarini na kila biskuti anayoikuta, aandike jina la bidhaa, nchi ilikotoka na tarehe. Wanafunzi kumi wakifanya hivyo, kwa mwezi mmoja watakuwa na orodha ambayo yeyote kati yetu anaweza kuipeleka OCC na kwa wabunge wa mkoa na kuwauliza: hizi mnazijua? Na ninyi wamama mlioko kwenye likelemba moja, mnaochangiana fedha kwa zamu, zamu ya mmoja ikifika changeni mnunue ndoo nzima iliyofungwa, kwenye depo, mgawane wenyewe kwa mizani. Bei ya jumla itawapa nafuu, na lebo itakuwa mikononi mwenu. Binti aende nanyi aisome kabla hamjalipa.